Miezi 190 na neno moja la mlamu wangu

Mshauri, jambo.

Mimi ni mama wa watoto wanne na wajukuu sita, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Februari ijayo ninatimiza miaka 60. Ninakuandikia kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema kanisani, nimeshindwa kuwaambia watoto, na wenzangu wa kazi ya zamani ndio kabisa.

Nimefanya kazi mahali pawili tu. Aprili 1994 niliingia katika kampuni moja ya malori, nikatunza stoo ya vipuri mpaka Desemba 2010. Mwaka uliofuata mwenye kampuni alifunga geti akarudi kwao. Nikauza chumvi na samaki wakavu sokoni, hadi Agosti 2012 nilipopata kazi katika depo ya dawa. Ndiko niliko mpaka leo.

Mwaka jana nilianza kutayarisha dosye ya pensheni. Nilifikiri ni kupeleka karatasi na kungoja. Nimekwenda biro, ofisi ya pensheni, mara saba. Shida ilianza na jina. Nilibatizwa kwa jina la mtakatifu. Mwaka 1972, ndiyo kwanza ninaanza shule, majina hayo yakakatazwa, nikaandikwa kwa jina la shikulu wangu, babu yangu. Kampuni ya malori ikaniandika kwa jina la mume. Kadi yangu ya mpiga kura ina la shikulu na la ubatizo. Basi katika kompyuta mimi ni watu wawili. Mmoja ana miezi 158, kutoka Agosti 2012 mpaka Septemba mwaka huu. Mwingine ana miezi 11, kutoka Aprili 1994 mpaka Februari 1995, kisha sifuri. Msichana wa dirishani alikuwa na huruma, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Miezi 190, kutoka Machi 1995 mpaka Desemba 2010, haipo. Dosye imewekwa kando mpaka nithibitishe kuwa wale watu wawili ni mimi.

Mshauri, nyumbani nina kopo la maziwa ya unga lenye fishi 43, zile karatasi za mshahara. Kila fishi ina mstari wa INSS, mfuko wa pensheni wa wakati ule, na pesa imekatwa. Tulikuwa wafanyakazi kama 30 pale. Tumebaki 14. Wenzangu nao walipouliza wakakuta vilevile, wote wanaishia Februari 1995. Sasa wameandika malalamiko ya kupeleka kwa Mkaguzi wa Kazi, na wananingoja mimi nitie sahihi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetunza fishi nyingi kama mimi.

Hapo ndipo penye mwiba. Mhasibu wa kampuni, kontable kama tulivyomwita, alikuwa mdogo wa mume wangu, yaani mlamu wangu. Yeye ndiye aliyenitafutia ile kazi. Mume wangu alipofariki Mei 2006, ndugu zao walikuja na gari kuchukua vitu na kunitoa nyumbani. Mlamu wangu alisimama mlangoni akawaambia wapite juu ya mwili wake. Hawakupita. Tangu siku hiyo alilipa minervali, yaani karo ya shule, ya watoto wangu mpaka yule wa mwisho alipomaliza.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kwake, kommune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nikampelekea sombe. Ana miaka 71, alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala. Nikamwuliza taratibu: pesa za INSS zilikuwa zinakwenda wapi? Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mke wa yaya, mke wa kaka yangu, unadhani minervali ya watoto ilitoka wapi?" Akageukia ukuta. Mtoto wake akanisindikiza, akaniambia, "Mama mkubwa, umwache muzee apumzike."

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Kumbe watoto wangu walisomeshwa kwa jasho la wenzangu? Na mimi ndiye ninayeombwa kushtaki? Nikitia sahihi, ninamtupa mtu aliyenisitiri. Nisipotia, wenzangu wataniuliza kwa nini. Na mtu mmoja anayezunguka nje ya biro ameniambia kwa dola 300 anaweza "kuingiza miezi" yangu yote wiki moja, niache kusumbuka. Nifanye nini?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, jambo, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na kalenda. Kuhusu kalenda nitakuambia.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Dosye yako ya pensheni imekwama kwa sababu ya majina mawili na miezi isiyoonekana. Hilo peke yake lingekuwa jambo la kupanga foleni na kuvumilia. Lakini ulipokwenda kuitafuta hiyo miezi ukakuta mlangoni mtu uliyemtegemea, akakutupia neno moja, na neno hilo limefunga mambo mawili kwa kamba moja: haki yako ya uzeeni na deni lako la moyo. Sasa unayabeba kama mzigo mmoja. Ninaomba tuulegeze kidogo tuone kilichomo.

Nianze na pensheni. Sheria ya mwaka 2016 juu ya hifadhi ya jamii, ambayo CNSS iliyochukua nafasi ya INSS inaifuata, inataka mtu awe na miaka 60, awe ameacha kazi ya mshahara, na awe na miezi 180 ya uanachama, yaani miaka 15. Asiyefikisha hiyo 180 hapewi pensheni ya kila mara, anapewa malipo ya mara moja na mambo yanaishia hapo. Ndiyo maana namba hii inatisha. Sasa chukua kalenda. Karatasi uliyoonyeshwa inaishia Septemba, na wewe bado unafungua depo kila asubuhi. Oktoba mpaka Februari ni miezi mitano: 158 inakuwa 163. Ukiunganishwa na yule mwenzako wa kwenye kompyuta mwenye miezi 11, unafika 174. Inabaki sita. Mwajiri wako wa sasa akikubali uendelee mpaka mwisho wa Agosti mwakani, umefika 180 bila fishi hata moja ya kampuni ya malori. Na kama majina yakikataa kuungana, 163 inataka miezi 17 zaidi, yaani mpaka Julai 2027. Ni mbali, ila si gizani.

Sisemi ufanye hivyo. Miguu ni yako, na kusimama deponi ukiwa na miaka 60 ninajua si mchezo. Mwajiri naye anaweza kukataa, au akakubali kwa mdomo halafu akakuacha Mei. Akikubali, mwombe akuandikie. Tena miezi 180 ni ya kupita mlangoni tu. Kiasi cha pensheni kinakwenda na miezi na mshahara, kwa hiyo miezi 190 ile ikipatikana, kila malipo yangekuwa manono zaidi mpaka mwisho wa maisha yako. Hilo usilisahau nikikuambia kwamba unaweza kufika bila hiyo miezi. Nilitaka tu ujue kwamba hulazimiki kuchagua kati ya mlamu wako na njaa. Barua yako iliandikwa na mtu anayeamini hivyo.

Majina yashughulikie kama kazi ya mikono, hata kabla ya hayo mengine. Watu wa umri wako hapa mjini wamejaa hadithi hii: jina la ubatizo lililofutwa 1972, la shikulu likaingia, la kizungu likarudi baadaye, na kwa mama za watu jina la mume linapanda juu ya yote. Hata jina la jimbo limekuwa Katanga, Shaba, Katanga tena, sasa Haut-Katanga. Kusanya cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha marehemu, kadi ya mpiga kura, na ile fishi ya zamani kabisa yenye namba yako ya uandikishaji. Uliza dirishani ni hati gani hasa wanayoikubali kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja, na uombe wakuandikie, maana mtu huweza kupeleka hati ya ofisi ya kata akaambiwa alete ya mahakama. Kila unachopeleka, baki na kopi yenye muhuri na tarehe. Mara saba ulizokwenda, je, una karatasi ya mara hata moja?

Yule wa dola 300 nitampita haraka. Anachouza ni miezi ya uongo, hata kama wewe uliifanyia kazi kweli. Ikija kukaguliwa, dosye yako yote, pamoja na zile 158 safi, itatiliwa shaka. Hapo sizungukizunguki.

Sasa tuje kwa mlamu. Alisema, "Unadhani minervali ya watoto ilitoka wapi?" Wewe ukasikia: niliiba pesa za wafanyakazi nikawasomesha wanao. Huenda ndivyo. Lakini angalia tena tarehe zako mwenyewe, Mama. Michango iliacha kuonekana Machi 1995. Mume wako alifariki Mei 2006. Katikati kuna miezi 135, zaidi ya miaka 11, ambayo mumeo alikuwa hai na, kama nimekuelewa, alilipia watoto wake mwenyewe. Pesa za miaka hiyo yote hazikuwa minervali yako. Zilikwenda kwingine. Hata kama neno lake ni kweli kwa miaka ya mwisho, haliwezi kuwa kweli kwa shimo lote.

Na linaweza kuwa na maana nyingine kabisa. Huenda alitaka kusema: nilinyamaza juu ya bwana mwenye kampuni ili nisifukuzwe, na kwa mshahara huo ndio niliwasomesha. Au ni mzee mgonjwa aliyeona aibu akarusha jiwe lililokuwa karibu. Umekaa miezi miwili na maneno machache ya mtu aliyegeukia ukuta kana kwamba ni hesabu ya vitabu. Mimi sijui yana maana gani. Wewe je, unajua kweli, au umeamua kwa sababu hatia ni rahisi kuibeba kuliko mashaka?

Jambo moja la sheria lingekusaidia kupumua. Mbele ya mfuko wa pensheni, mdeni ni mwajiri. Yeye ndiye anayewajibika kulipa mchango wote, sehemu yake na ile anayoikata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Leo mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na mwajiri anaongeza 13 kutoka kwake. Kontable anaandika na kukata, ila mwenye amri ya kupeleka au kutopeleka ni mwenye kampuni. Na miaka ile unaikumbuka: pesa ya zaire ikakatwa sifuri mwaka 1993, mwaka 1998 ikaja faranga, mshahara wa asubuhi jioni haununui unga wa bukari. Simtetei mtu. Ninasema tu kwamba malalamiko ya wenzako yanaweza kuelekezwa kwa kampuni, na huyo kontable akawa shahidi. Je, umeyasoma? Yametaja jina la mlamu wako, au wewe ndiye uliyeliona kati ya mistari?

Ila sitakudanganya. Mkaguzi wa Kazi akishika jambo, swali lake la kwanza ni nani alishika vitabu. Huwezi kulizuia. Wenzako nao wanamkumbuka kontable alikuwa nani, na wanajua ni mlamu wa nani. Pengine wanakungoja uweke sahihi si kwa ajili ya fishi tu.

Na hapa ninafika mahali ambapo kalenda haikusaidii tena. Wewe una miezi 163 ya depo. Wao wana nini? Yule ambaye hakupata kazi nyingine baada ya 2010 hana mwezi hata mmoja baada ya Februari 1995, basi. Mkewe akibaki mjane, hana pensheni ya kurithi, kwa sababu pensheni ya mjane inasimama juu ya haki ya marehemu. Njia yako ya kufika 180 bila kumgusa mlamu ni njia yako peke yako, wao hawana. Sikuandikii hili ili kukuongezea uzito. Naandika kwa sababu nadhani unalijua, na ndilo linalofanya chakula kisipite, kuliko hata lile neno la minervali.

Kuna nafasi kati ya kutia sahihi na kutotia. Unaweza kuwapa wenzako kopi za fishi 43 bila kuweka jina kwenye malalamiko. Ushahidi utasimama, ila watauliza kwa nini umekaa nyuma, na utahitaji jibu. Unaweza kutia sahihi kwa yale unayoyajua kwa macho tu: nilifanya kazi, nilikatwa, hizi hapa karatasi. Neno la chumbani mwa mgonjwa hulazimiki kulifasiri mbele ya mtu. Lakini likija kujulikana baadaye kwamba ulilisikia ukalificha, wapo watakaokwambia ulikuwa upande wa familia. Unaweza pia kuwaambia ukweli mapema, wote au mmoja unayemwamini, na kukubali kwamba likishatoka mdomoni halirudi. Kila njia ina mwiba wake, na wewe ndiye unayejua mguu wako unavumilia upi.

Kabla ya yote hayo, muulizeni wakili kama malalamiko bado yana uhai. Sheria ya Kazi inaweka mipaka ya muda, na ile kampuni ilifungwa 2011. Kwa Mkaguzi mtaitwa kwanza kwenye usuluhishi, ambao ni lazima kabla ya Mahakama ya Kazi, sasa atakayeitwa upande wa pili ni nani kama bwana yuko kwao? Aliacha jengo, shamba, mshirika? Mawakili wana ofisi yao ya ushauri wa bure; nendeni wawili au watatu na fishi, kabla watu 14 hawajachanga hata faranga moja. Waulizeni pia kama miezi iliyokatwa bila kulipwa inaweza kutambuliwa kwa fishi tu. Jibu likiwa hapana, basi sahihi yako ingemwumiza mlamu bila kumsaidia mtu. Likiwa ndiyo, swali lako linabadilika kabisa. Kwa nini uamue leo, bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili?

Kuna saa pia. Mkono wake wa kulia umelala, na kiharusi huweza kurudi. Kama yupo mtu anayejua madaftari yako wapi na nani aliamuru nini, ni yeye. Mtoto wake anataka apumzike, na ninamwelewa kijana. Lakini huenda mzee mwenyewe anatamani kuliongea, ila si kwa mtu aliyekuja na swali la pesa. Mwanaume aliyesimama mlangoni mwa mjane ana heshima yake, na kuwa na deni naye hakukuzuii kumwuliza. Wala kumwuliza hakufuti alichokufanyia. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kiti kimoja.

Ukirudi Kenya, zungumza kwanza na mtoto wake, umwambie hutafuti wa kumfunga. Fishi ziache nyumbani. Na usimwulize tena pesa zilikwenda wapi. Mwulize nini kilitokea kazini mwezi wa Machi 1995, nani aliingia ofisini mwake siku hiyo, na aliambiwa nini. Kisha uniandikie.